Mafuta ya 98 kwa Corolla ya kawaida uwanjani: yanasaidia au nachoma hela?

Pweza_wa_Tanga (Sharjah)

Wakuu habari za jioni. Nina swali la kitoto lakini nimelibeba wiki nzima.

Gari langu ni Corolla ya 2015, injini 1.6, otomatiki, haijabadilishwa kitu. Nilimnunulia mzee mmoja aliyekuwa anaendea sokoni na msikitini tu. Ijumaa ijayo jamaa wa kazini wamenishawishi twende Dubai Autodrome, uwanja wa mbio za magari kule Motor City, siku wanayoruhusu watu waingie na magari yao binafsi. Nimeshalipia, kurudi nyuma hakuna. Tutazunguka ile njia fupi ya klabu, kilomita 2.46, siyo ile kubwa ya 5.39.

Mwenzangu mmoja ana Toyota 86. Ameniapia nisithubutu kuingia na mafuta ya kawaida, niweke Super 98 "gari lipumue". Sasa nikifungua kifuniko cha tenki langu naona pameandikwa 91. Pampu za huku zina aina tatu: E-Plus 91, Special 95 na Super 98. Miaka yote najaza Special kwa mazoea tu, hata ukiniuliza kwa nini sina jibu.

Nikijaza 98 napata nini? Mbio? Usalama wa injini? Au namvisha punda tai?

Kijana_wa_Majohe

Corolla uwanjani 😂😂 Mkuu jaza hata supu ya pweza, hiyo 86 itakupita tu.

Pweza_wa_Tanga

Supu naijua vizuri, jina lenyewe unaliona. Nauliza mafuta.

FundiMvita (Mombasa)

Ndugu yangu wa Tanga, swali si la kitoto. Wateja wangu wenye magari ya milioni tatu, nne, hulijibu vibaya kila siku.

Namba ya okteni, hiyo 91, 95 au 98 unayoiona pampuni, haikwambii mafuta yana moto kiasi gani. Inakwambia uvumilivu wake: yanaweza kubanwa na kupashwa joto mpaka wapi kabla hayajajiwasha yenyewe pasi kungoja cheche ya plagi. Waliopanga kipimo walichukua vimiminika viwili. Kimoja kigumu kujiwasha, isooktani, wakakipa 100. Kingine kinajiwasha upesi, heptani, wakakipa 0. Mafuta yako yakiambiwa 91, maana yake kwenye injini ya kupimia yalivumilia sawa na mchanganyiko wa 91 kwa 9 wa hivyo viwili. Basi.

Mafuta yakijiwasha kabla ya wakati wake, moto wa plagi unatoka huku na moto mwingine unalipuka kule pembeni ya silinda. Magari ya zamani ulikuwa ukilisikia kwa masikio: panda Mazeras na pikapu iliyojaa nazi, gia ya nne, usukume mafuta hadi chini, utasikia kama mtu anatikisa misumari ndani ya kopo la maziwa. Baba yangu akiisikia alikuwa akimchapa dereva kofi la mgongo: "Shusha gia, unaua pistoni!"

Gari lako la leo lina sikio lake. Kwenye bloku ya injini kuna sensa iliyofungwa kwa bolti, inasikiliza hiyo misumari. Ikisikia tu, kontroliboksi, ile kompyuta ya injini, inachelewesha cheche. Injini inanusurika, nguvu inapungua, na moto unaotoka kwenye ekzosi unazidi kuwa mkali.

Sasa sikiza hapa. Injini iliyopangwa na kiwanda kwa 91, cheche yake ina mwisho wa kuwahi. Ikifika hapo imefika. Ukiipa 98 haina mahali pa kuupeleka huo uvumilivu wa ziada. Mlango ukishakuwa mrefu kuliko kimo chako, kuuongeza urefu hakukusaidii kupita. Na usidhani lita ya 98 ina moto mwingi kuliko lita ya 91.

Jibu langu: kwa Corolla yako, hapana.

Nairobi_Boxer

Fundi heshima yako, lakini hapa nitabishana kidogo. Track si barabara.

Mimi nina Impreza STI, imetoka Japan vile ilivyo, hakuna mtu ameitune. Kwa barabara unakanyaga mafuta yote sekunde tano, sita, halafu kuna matatu mbele yako. Kwa track unakanyaga dakika ishirini. Intakula, ile redieta ya kupoza hewa ya tabo, inashika joto, oili inashika joto, hewa inayoingia injini ni ya moto. Hapo gari ambayo haikuwa inatoa hiyo misumari yako mjini inaanza kuitoa. Na huyu bro yuko Dubai, si Limuru. Hewa ya huko ni ya oveni.

Kitu kingine. Wasee wengi hapa East Africa wanaendesha gari za Japan bila kujua kifuniko kinasema nini. Yangu ina kibandiko cha Kijapani, nilikaa nacho miaka miwili nikidhani ni onyo la sigara. Siku moja nikampigia picha mwanafunzi fulani anayesoma Kijapani, akaniambia: petroli isiyo na risasi, ya premiamu. Kule Japan petroli ya kawaida kiwango chake kinaanzia 89, na ile wanayoita haioku inaanzia 96. Kwa hivyo gari ikiandikwa premiamu ilipangiwa 96 kwenda juu, na sisi tunaiwekea chochote pampu inatoa.

FundiMvita

Boxer, umesema kweli, wala hujanipinga. STI ina tabo na imeandikwa premiamu. Hiyo ni haki yake, barabarani na uwanjani. Mimi nazungumzia Corolla ya 91.

La joto umenipata kidogo. Joto linakula ile akiba ya uvumilivu. Gari la 91 lililo salama kwa 91 saa mbili asubuhi linaweza kuguswa na sensa saa nane mchana raundi ya sita. Kwa hiyo nalegeza: 95 uwanjani, sawa, naielewa. 98 kwa injini hiyo bado sioni.

Nairobi_Boxer

Na altitude je? Sisi tuko juu ya mita 1,600, hewa ni nyepesi. Kuna msee aliniambia Nairobi hata okteni ya chini inatosha.

FundiMvita

Kwa gari lisilo na tabo, ana haki. Hewa ikiwa nyepesi silinda inajaa kidogo, ikijaa kidogo inabana kidogo, misumari inakuwa mbali. Ndiyo maana gari moja likiteremka kutoka Nairobi kuja kwetu pwani linaweza kuanza kulia Mtito Andei na dereva akasema mafuta ya njiani yamechakachuliwa. Lakini lako lina tabo. Tabo inasukuma hewa mpaka ifike kiwango ilichoamriwa, uwe Nairobi uwe Nyali. Tena ikiwa juu inazunguka zaidi kuifikia, na hewa inatoka ya moto zaidi. Kwa hivyo usijipe moyo.

Houston_Mbeya

Naunga mkono hilo la mwinuko. Huku Marekani, Colorado kule milimani wanauza 85 kama mafuta ya kawaida, na sababu yake ni hiyo hiyo.

Ila tahadhari kwa wanaosoma mabaraza ya Wamarekani halafu wanakuja kupima na pampu za Dubai au Dar: namba zetu si namba zenu. Huku pampuni wanaandika wastani wa vipimo viwili, RON na MON. Kwingine kwingi wanaandika RON peke yake, ambayo huwa kubwa zaidi. 87 yetu inakaribia 91 au 92 yenu. 91 yetu ni kama 95 au 96. 93 ya hapa Houston ndiyo 98 ya huko Sharjah. Nimeona mtu anasisitiza gari lake "linahitaji 91 tu, kitabu kimesema", kumbe kitabu ni cha gari la soko la Marekani, ina maana anatakiwa 95 au 96. Angalia kitabu kimetaja kipimo gani.

Pweza_wa_Tanga

Duh. Nimekagua. Kifuniko changu kimeandika RON. Nimepona.

Kijana_wa_Majohe

Mimi nina swali la maana. Zile chupa za kuongeza okteni zinazouzwa madukani Kariakoo, na yale "mafuta ya ndege" ambayo kuna jamaa anayapata, vipi? Maana jamaa anasema mafuta ya ndege ni okteni mia, kitu kinapaa.

Mzee_wa_Plagi (Dar)

Kijana wangu, huyo jamaa yako mkimbie.

Kuna mafuta ya ndege na mafuta ya ndege. Ndege kubwa unazoziona zikitua Dar zinatumia Jet A-1, hiyo ni jamaa wa karibu wa mafuta ya taa. Ukiitia kwenye injini ya petroli inashusha okteni badala ya kuipandisha, na gari litakohoa moshi mpaka ujute. Ndege ndogo za pistoni ndizo zinatumia petroli yake, ile ya bluu, 100LL. Hiyo okteni yake kweli iko juu, lakini ina risasi, inafika hadi gramu 0.56 kwa lita. Tenki kadhaa tu, masega ya ekzosi, yale ya kusafisha moshi, kwaheri, na sensa za oksijeni kwaheri. Dunia nzima imehangaika kuondoa risasi kwenye petroli ya magari, nchi ya mwisho, Algeria, imemaliza mwaka 2021. Halafu wewe uirudishe mwenyewe kwa ndoo?

Chupa: soma kibandiko taratibu. Wakiandika "inaongeza pointi 30", wengi wao pointi moja ni sehemu ya kumi. Pointi 30 ni namba tatu, yaani 91 inakuwa 94, na hapo ni kama umefuata kipimo cha kibandiko. Nyingi zinatumia manganizi. Mimi nimefungua plagi za vijana wa mbio nikakuta ncha imepakwa rangi kama udongo wa Kisarawe, nyekundu ya kutu. Ukiziona hivyo hata hauhitaji kumuuliza mwenye gari anaweka nini.

Na kwa hapa nyumbani nimuulize mtu yeyote: pampu unayojaza inakuonyesha RON? Nyingi zimeandikwa "petroli" na bei ya EWURA, ndiyo basi. Hao wenye majina ya kupendeza kwenye pampu, mara nyingi wanachokuuzia ni viungo vya kusafisha nozeli. Kusafisha ni jambo jema, ila usichanganye na okteni. Muulize muuzaji namba. Akikosa namba umepata jibu.

DadaKöln (Ujerumani)

Hamjambo. Nimechelewa kuuona uzi huu, na ni mada yangu kabisa. Mimi naenda Nürburgring, ile Nordschleife ya kilomita karibu 21, mara nne au tano kwa mwaka, gari la kawaida la familia. Viti vya watoto navitoa asubuhi, jioni navirudisha.

Huku pampuni kuna E10 na E5 za 95 (petroli iliyochanganywa ethanoli kidogo), Super Plus 98, na juu yake kuna hadi 102. Vijana wa Kijerumani wakifika pale kituo cha jirani na uwanja wanajaza 102 na kuichukulia kama maji ya baraka. Nilishafanya hivyo. Gari langu linataka 95. Nikanunua kidude cha OBD, kile cha kuchomeka chini ya usukani kusoma kontroliboksi, nikaanza kurekodi taimingi ya cheche. 95 na 102: mistari imelala mmoja juu ya mwingine. Tangu siku ile tofauti ya hela nanunulia soseji.

Mambo matatu ambayo sijaona yametajwa:

Misumari ya FundiMvita haiji kwa wingi pale injini inapolia mizunguko 6,000 kwa dakika. Kule juu mafuta hayapati muda wa kujiwasha, mwali unawahi. Inakuja pale unapotoka kwenye kona kwa mzunguko mdogo, gia kubwa, na umekanyaga hadi chini. Kwa hiyo Pweza, gari lako otomatiki, liweke kwenye hali ya kuchagua gia mwenyewe au lizuie gia za juu, utoke konani injini ikiwa imeshachangamka. Hilo linaokoa injini kuliko namba saba za okteni.

Pili, usiingie na tenki chini ya robo. Kona ndefu inasukuma mafuta upande mmoja, pampu inavuta hewa, gari linakatika ghafla. Watu wanasema "mafuta mabaya" kumbe mafuta hayapo pale pampu ilipo.

Tatu, kama unataka kupima kwelikweli, usilinganishe leo na mwezi ujao. Joto la hewa litakudanganya. Na ukibadilisha mafuta usitegemee kontroliboksi iamke papo hapo. Magari mengi yanahitaji kuendeshwa kidogo kabla hayajajirekebisha. Ukiwa na nusu tenki ya 91 ukaongeza nusu ya 98, una kama 94.5, kwa hiyo usiseme umeweka 98.

Pweza_wa_Tanga

Dada shikamoo, hiyo ya robo tenki sikuijua kabisa. Mimi nilikuwa nimepanga niingie na mafuta kidogo ili gari liwe jepesi 🙈

Nimepiga hesabu ya hela. Tofauti ya 98 na 91 huku ni kama fils 20 kwa lita. Tenki langu ni kama dirhamu kumi za ziada. Nikasema kwa dirhamu kumi, si nijaze tu roho itulie?

FundiMvita

Kwa dirhamu kumi jaza, hayatakudhuru. Umeuliza kama yanasaidia. Hayo ni maswali mawili.

Lakini niambie, maji ya breki umebadilisha lini?

Pweza_wa_Tanga

Yale ya kwenye kikopo? Sijawahi. Yapo hadi alama ya juu.

FundiMvita

😐

Mzee_wa_Plagi

Mkuu kabla ya Ijumaa kabadilishe. Si utani. Yale maji hunyonya unyevu wa hewa. DOT 3 mpya inachemka nyuzi 205, ikishanyonya maji inashuka mpaka karibu 140. DOT 4 ni 230 mpya, 155 ikishachoka. Yako ya tangu yule mzee wa sokoni na msikitini, Mungu ndiye ajuaye. Yakichemka yanatoa viputo, na kiputo kinabanika. Unakanyaga pedali inazama hadi chini kama unakanyaga godoro.

Pweza_wa_Tanga (wiki moja na nusu baadaye)

Wakuu narudi na mrejesho, samahani kwa kuchelewa, nilikuwa zamu za usiku.

Nilipata kidude cha OBD cha kuazima. Jumatano nikamaliza tenki, nikajaza 91 tupu, nikaendesha Sharjah hadi Ajman na kurudi. Ijumaa jioni nikaingia nayo kikao cha kwanza. Mapumziko yalikuwa marefu, nikatoka hadi sheli iliyo karibu, tenki likiwa limebaki kama robo, nikajaza 98 hadi juu. (Ndiyo dada, najua, si 98 safi, ni kama 96. Nikazunguka barabarani nusu saa ili lizoee.) Kisha kikao cha pili.

Taimingi: sawa. Nimeangalia kwenye simu hadi macho yanauma, kwenye kona ile ile, mzunguko wa injini ule ule, namba zinacheza humo humo. Mara moja kikao cha kwanza, raundi ya nne, nikiwa nimesahau gia ikapanda juu konani, cheche ilirudi nyuma kidogo kwa sekunde moja. DadaKöln ulisema. Nilipoanza kuzuia gia haikurudia tena, na hapo nilikuwa bado na 91.

Muda wa raundi: kikao cha pili nilikuwa haraka kidogo, lakini jua lilikuwa limezama na mimi nilishaijua njia. Sitadai ni mafuta.

Kichekesho ni yule mwenye 86. Yeye yake inataka okteni ya juu, injini imebana 12.5 kwa 1. Kumbe siku hiyo alijaza 95 kwa sababu foleni ya 98 ilikuwa ndefu! Nikamchomekea kidude. Raundi ya tatu kwenda mbele, kila anapotoka kona ya polepole cheche inarudi nyuma, digrii tatu, nne. Aliponiona nacheka akanyamaza kimya. Aliyeniapia mimi nijaze 98 ndiye aliyekuwa anaihitaji.

Sasa breki. FundiMvita, Mzee wa Plagi, nilikwenda gereji Alhamisi, nikalipa, nikaambiwa tayari. Sikusimama kuangalia. Raundi ya sita ya kikao cha pili, mwisho wa ile njia ndefu, pedali ikaanza kuwa laini. Nikasukuma mara ya pili ikashika. Nikaingia pembeni mguu unatetemeka. Jamaa mmoja wa hapo uwanjani akafungua kikopo, akachovya kidole, akanionyesha: majimaji rangi ya chai ya rangi. Mpya yangekuwa karibu meupe. Yaani kule gereji walifuta kikopo kwa nje.

FundiMvita

Alhamdulillahi umetoka salama. Siku nyingine simama hapo hapo uone kila gurudumu likitolewa maji ya breki, yale ya zamani yatoke kwenye mpira mpaka rangi ibadilike. Na pedi?

Pweza_wa_Tanga

Za mbele zimebaki nyembamba kama kadi ya simu, na zina harufu ya kuungua mpaka leo. Mwenye kujua fundi Sharjah anayekubali mteja asimame pembeni akiangalia, anipe namba inbox. Nimeshajiandikisha mwezi ujao.

Kijana_wa_Majohe

Na mafuta utajaza gani?

Pweza_wa_Tanga

91. Hizo dirhamu kumi nimeziweka kwenye DOT 4.